Aliyevunja ahadi ni mtu, usimhesabie Mungu

Kuna maneno tunayopenda kuambiana sisi waamini, nami siku hizi nikiyasikia natega sikio vizuri: "Wakati wa Mungu bado." Mara nyingi ni ya kweli. Ila nimewahi kuyasikia kwa mtu aliyevunja ahadi, akiyatumia kujifichia.

Nilikuwa nimeahidiwa kazi na ndugu tuliyekuwa tukisali pamoja. Alinihakikishia kwa kinywa chake kwamba nafasi ipo na ni yangu. Kila nilipouliza ilikuwa wiki ijayo, halafu mwezi ujao, mwishowe simu ikawa haipokelewi. Kumbe nafasi alishapewa mwingine zamani. Tulipokutana baada ya ibada akanishika bega, akaniambia nisubiri, wakati wa Mungu haujafika. Kuikosa kazi kuliniuma, lakini maneno yale yaliniuma zaidi, maana yalinifuata hadi kwenye maombi. Nikipiga magoti nilijikuta namwuliza Mungu kwa nini ameghairi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu ndio mzito kuliko yote, ni huu: jiulize ahadi ile aliitamka nani. "Mungu si mtu, aseme uongo," inasema Hesabu 23:19. Mungu hakukuahidi ofisi ile, wala ndoa na yule mtu. Aliyekuahidi ana jina na namba ya simu.

Msome Yusufu taratibu, katika kitabu cha Mwanzo. Gerezani alimfasiria ndoto mkuu wa wanyweshaji, kisha akamwomba waziwazi amtaje kwa Farao, na akaeleza kwamba aliibiwa kwao na hakutenda kosa la kumtia gerezani. Kumtumaini Mungu hakukumzuia kuomba msaada wa binadamu. Sura ya 40 inafunga hivi: mnyweshaji "hakumkumbuka Yusufu, bali alimsahau." Angalia, Maandiko hayasemi Mungu ndiye aliyemsahaulisha. Mtu alisahau, na kosa limeachwa kuwa lake. Sura ya 41 inaanza baada ya "miaka miwili mizima." Sisi tunageuza ukurasa tu, tukiwa tunajua Farao ataota. Yusufu hakujua. Aliuzwa akiwa kijana wa miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30, na katikati hapo hakuna aliyemwonyesha kalenda.

Wahubiri hupenda kusema kwamba mnyweshaji angemkumbuka mapema, Yusufu angetoka akaenda zake na asingekuwepo siku ya ndoto. Huenda. Lakini usimwambie hivyo mtu ambaye jeraha lake bado bichi. Hayo anayaona mwenyewe akishavuka, na wengine hawayaoni kabisa.

Halafu kuna Yeremia 29:11, mstari wa mawazo ya amani, ambao tunatumiana kila Januari. Mstari unaoutangulia hatuutumi, maana unataja miaka 70 ya Wayahudi kukaa uhamishoni Babeli. Na katika sura ya 28 nabii Hanania alikuwa ameahidi kwamba vyombo vya hekalu na mateka wangerudi kutoka Babeli ndani ya miaka miwili. Ahadi tamu, ila haikutoka kwa Mungu. Yeremia aliwaandikia waliokuwa uhamishoni wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe, wazae. Nami ndivyo ninavyoelewa kusubiri. Tuma maombi kwingine. Anza kozi uliyoiahirisha. Ikiwa ni uchumba uliovunjika, usifunge maisha ukimngoja arudi.

Kwa aliyekuahidi, mwendee umwulize moja kwa moja: jambo hili lipo au halipo? Akizungushazungusha, hesabu kwamba halipo. Kumwuliza si kukosa imani.

Kwa Mungu nako sema yote. Zaburi ya 13 inaanza na "Hata lini," na Daudi anairudia mara nne kabla hajaimba. Niliposali kwa adabu huku moyo unachemka, hakuna kilichosogea. Niliposema "Bwana, nimeumia na sikuelewi," ndipo nilipoweza hata kulala.

Kusamehe ni lazima, lakini kusamehe hakukulazimishi kumwamini tena mtu yule kwa jambo lilelile. Paulo, katika 2 Timotheo sura ya 4, anasema wote walimwacha siku ya utetezi wake wa kwanza, na anaomba wasihesabiwe hatia. Mistari michache tu juu yake anamwonya Timotheo ajihadhari na mfua shaba mmoja aliyemtenda mabaya. Ni Paulo huyohuyo, barua ileile.

Sitakuambia kwamba ukingoja vizuri utapata kazi bora kuliko ile. Mimi nilipata nyingine, ya kawaida tu, na Mungu alikuwa pamoja nami hata kabla sijaipata. Waebrania 11 inataja watu walioshuhudiwa kwa imani yao, nao wakafa pasipo kuipokea ahadi.

Na kama wewe ndiye uliyeahidi na mambo yamekushinda, Yesu alisema "Ndiyo" yetu iwe ndiyo, na "Siyo" iwe siyo. Mpigie simu leo, umwambie imeshindikana, ili akatafute kwingine.