Kwa nini mtoto wa kidato cha kwanza anapoteza namba katikati ya swali

Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Uyole, Mbeya, wengi wakiwa wa kidato cha kwanza. Mzazi akija kumwandikisha mtoto huwa na neno lilelile: "Mwalimu, huyu hashiki." Mimi naomba daftari kwanza, tuone ni nini hasa hakukishika.

Chukua swali hili, ambalo mtoto analikuta limeandikwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara kanunua magunia 15 ya viazi, kila moja shilingi 60,000. Matatu yakaoza. Yaliyobaki akayauza 80,000 kila moja. Kapata faida gani? Jibu ni 60,000, lakini kwenye madaftari nakutana sana na 300,000. Fuatilia kazi yake: kuzidisha yuko sawa, kutoa yuko sawa, maana ya faida anaijua. Kilichomponyoka ni yale magunia matatu. Aliyasoma na akayaelewa, ila wakati anahangaika kutafsiri sentensi iliyofuata yakawa yameshapotea. Ukumbuke huyu miezi michache nyuma alikuwa anasoma kila kitu kwa Kiswahili.

Wanasaikolojia wana jina la mahali palipotokea ajali hiyo: kumbukumbu tendaji, yaani sehemu ya akili inayoshikilia mambo kwa sekunde chache huku ikiyafanyia kazi. Ni ndogo kuliko tunavyodhani. Ifananishe na meza ya muuza nyanya pale Mwanjelwa: imeshajaa, ukiongeza fungu moja, la pembeni linaanguka. Mwaka 1956 George Miller, Mmarekani, aliandika kwamba mtu hushika vitu kama 7 hivi kwa mara moja. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaishusha hadi karibu 4, tena kwa mtu mzima aliyetulia.

Mwaka 1974 Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza kwamba ndani ya kumbukumbu tendaji kuna mgawanyo: sehemu moja inarudiarudia sauti, nyingine inashika picha na mahali vitu vilipo, na juu yao kuna msimamizi anayeamua umakini uende wapi. Baddeley mwenyewe amesimulia kwamba aliwahi kuendesha gari Marekani huku akisikiliza mpira wa Kimarekani redioni. Alivyozidi kuuchora uwanja kichwani, gari likaanza kuyumba. Akahamia kwenye muziki. Aliyepanda Noah ya Tukuyu siku ya Simba na Yanga atanielewa: ukungu wa Isyonje ukishuka, dereva mwenye akili anapunguza redio kabla ya kona, abiria wanune wasinune.

Sasa tufanye nini? Langu la kwanza ni kalamu. Kabla mwanafunzi hajakokotoa chochote, namba zote zishuke kwenye karatasi, kila moja na kaneno kake: 15 kununua, 3 kuoza, 80,000 kuuza. Wengine wanaona aibu, wanadhani anayejua anapiga kichwani. Hapana. Kilichoandikwa hakikai tena kichwani, na nafasi inabaki ya kufikiri.

Pili, vunja vitu vipande. Hili nyumbani mnalifanya kila mkiingiza luku. Tarakimu 20 hakuna anayezisoma kwa mkupuo. Mmoja anasoma nne, mwingine anabonyeza, wanaendelea. Na mtu akichungulia mlangoni kuuliza "umeme umekata?", zile nne zimekwenda. Sauti ya ndani inabeba takriban kile unachoweza kukitamka kwa sekunde 2, na ikiingiliwa na maneno mengine inafutika. Kwa hiyo mtoto akiwa kwenye swali, televisheni izimwe, na usimtume dukani kwa sentensi moja yenye mafuta, chumvi, kiberiti na salamu za mama mdogo, halafu ukamchapa kwa kurudi na chumvi peke yake.

Kuhusu kuchapa nitasema wazi, najua si wote mtakaokubali. Hofu nayo inakaa humohumo. Watafiti Ashcraft na Kirk walionyesha mwaka 2001 kwamba wenye hofu ya hesabu hupungukiwa nafasi ya kumbukumbu tendaji wakati wa kukokotoa. Mwalimu akisimama nyuma ya dawati na fimbo, nusu ya akili ya mtoto iko kwenye fimbo. Anayebaki kukokotoa ni nusu mtoto.

Kukariri tebo nakutetea, ingawa siku hizi kunasemwa vibaya. Anayejua bila kufikiri kuwa 8 mara 12 ni 96 hatumii nafasi yoyote kulipata. Asiyejua anaanza kujumlisha nane moja moja, na akifika mwisho swali lenyewe limeshamtoka.

Wazazi huniuliza pia kuhusu michezo ya kwenye simu inayodai kupanua kumbukumbu. Utafiti mwingi unaonyesha mtoto anakuwa hodari wa mchezo uleule, hesabu za darasani zinabaki palepale. Hela hiyo ya bando mnunulieni karatasi za rafu, na mwambieni aje nazo.