Nationality: vipande vitatu, silabi tano

Mwalimu mgeni uliyeripoti Kisumu muhula huu kufundisha Kiingereza, neno refu hukatwa mara mbili, na mikato hiyo haifanani. Mwaka wangu wa kwanza niliichanganya. Niliandika nationality ubaoni, nikaligawa: nation, al, ity, kisha nikaambia darasa lipige kofi kwa kila kipande. Makofi matatu. Msichana mmoja wa dawati la mbele akalitamka polepole akihesabu vidole. "Mwalimu, mimi napata tano." Alikuwa amepata.

Vile vitatu ni vipande vya maana: nation ni taifa, -al huligeuza kuwa kivumishi, -ity hulirudisha kwenye nomino, yaani uraia. Silabi hufuata sauti: na-sho-na-li-ti. Tazama -al ilivyopasuka: a imeshikana na n ya nation, l imehamia silabi inayofuata. Mwonyeshe mwanafunzi hapo kwa chaki za rangi mbili, moja ya maana, moja ya sauti.

Kazi kubwa iko kwenye mkazo. Ulimi wa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo darasa zima litasema nashonaLIti (herufi kubwa ndizo zenye mkazo). Usiwakemee. Anza na wanachokijua: PIga, piGAna, pigaNIsha. Watasikia wenyewe mkazo ukihama kila kiambishi kinapoongezwa. Sasa waambie kwamba -ity nayo huuvuta mkazo, ila huuweka kwenye silabi inayoitangulia: NEIshen, lakini nashoNAliti. Electric hukazwa kwenye "lek", electricity kwenye "tri". Na wale wanaopita Maseno kwenye barabara ya Busia, kibao cha chuo kikuu wakisome vizuri: yuniVAsiti.

-tion haisumbui, infoMEIshen imekaa pale pale walipozoea. Inayosumbua ni -ment, kwa kuwa haihamishi mkazo hata kidogo. Govern hukazwa mwanzoni, na government vivyo hivyo. Sisi walimu wenyewe huteleza hapo, maana gavamenti imeshaingia kwenye Kiswahili chetu kwa mkazo wetu.

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ina alama 30 za stadi za kuzungumza, na maswali ya mkazo hutoka humo. Lakini usingoje Kidato cha Nne. Wape majina ya masomo yao wiki ya kwanza, Kiswahili na Kiingereza bega kwa bega, wakanyage sakafu kwenye silabi yenye mkazo: baioloJIa, baiOloji, jiograFIa, jiOgrafi.