Swali la lugha: "Timu ya nyumbani hukaa upande wa kulia"

Msomaji anayeandika habari za michezo kwa Waswahili wanaoishi Marekani anauliza: "Niliandika kwamba katika besiboli 'timu ya nyumbani hukaa kwenye shimo la upande wa kulia'. Mwenzangu anasema sentensi hiyo ina kasoro, lakini hanionyeshi kasoro iko wapi. Mimi naona sarufi yake iko sawa. Nani mkweli?"

Sarufi iko sawa, na mwenzako pia yuko sawa. (Kwa msomaji mgeni wa besiboli: "shimo" hapa ni tafsiri ya "dugout", sehemu wanapokaa wachezaji wakiwa nje ya uwanja.) Kasoro kubwa iko kwenye hu-.

Kiambishi hiki hakitaji wakati, kinataja mazoea au kanuni: jua huchomoza mashariki, maji huchemka yakipata moto. Kwa hiyo ukiandika "timu ya nyumbani hukaa", msomaji anaelewa kwamba iko sheria, na sheria hiyo haipo. Kanuni za ligi kuu ya Marekani zinaidai klabu yenye uwanja iandae mabenchi mawili, lake na la wageni, yasiyopungua futi 25 kutoka kwenye mistari ya besi (vituo anavyokimbilia mpigaji), yenye paa, yaliyozibwa nyuma na ubavuni. Nani akae upande upi, hazisemi. Red Sox katika uwanja wao wa Fenway Park, Boston, wako upande wa besi ya kwanza, na Yankees wa New York vilevile. Cubs katika Wrigley Field, Chicago, wako upande wa besi ya tatu, sawa na Dodgers kule Los Angeles.

Basi "Cubs hukaa upande wa besi ya tatu" ni sentensi safi, kwa kuwa ni mazoea ya klabu hiyo. Ukitaka kuzisema klabu zote, anza na "baadhi". Na ukiripoti mechi moja ya jana, hu- haina kazi hapo kabisa, andika "walikaa". Nimeona waandishi wengi wa michezo wakiikimbilia hu- kwa sababu haidai kiambishi cha nafsi, kwa hiyo inawaepusha na swali la kama timu "inakaa" au "wanakaa". Ni njia ya mkato inayobadilisha maana, na inafaa tuiache.

Sasa "upande wa kulia". Kulia kwa nani? Shabiki aliyeketi nyuma ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anaiona besi ya kwanza mkono wake wa kulia. Lakini kamera kuu ya televisheni imewekwa upande wa pili wa uwanja, inamtazama mrushaji, anayemtupia mpigaji mpira, kutoka mgongoni, na kwenye skrini upande huohuo wa besi ya kwanza unakuwa kushoto. Wasomaji wako wengi wanaangalia mechi sebuleni, si uwanjani; utawaelekeza kulia na wao watawakuta wageni. Kulia na kushoto vinahitaji mwenyewe: "kulia kwa mdakaji", "kushoto kwa mtazamaji". Usipotaka kumtaja mwenyewe, tumia kitu kisichohama, yaani besi. Wamarekani wenyewe wanasema hivyo, upande wa besi ya kwanza au wa tatu.

"Shimo" liache. Ni kweli sehemu ile mara nyingi imezama ngazi chache chini ya usawa wa uwanja, lakini shimo halina paa wala viti. "Benchi la akiba" nalo, tulilolizoea kwenye soka, halifai: timu inapokuwa zamu ya kupiga, hata nyota wanaocheza mechi hiyo wanakaa humo wakisubiri kuitwa. Andika "kibanda cha wachezaji", au "benchi" tu ikiwa nafasi ni ndogo.

Limebaki "timu ya nyumbani". Si kosa, ila ningechagua "wenyeji", na si kwa sababu ya ufupi. Juni 2019 Red Sox na Yankees walicheza mechi mbili London, na katika zote mbili Red Sox ndio waliopangwa kuwa wenyeji, yaani wapigaji wa mwisho katika kila raundi. Hakuna aliyekuwa nyumbani siku zile. Wapenzi wa soka wa Dar es Salaam wanalielewa hili bila kufundishwa: Simba na Yanga wakikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, wote wawili wako mjini kwao, na bado ratiba inamtaja mmoja kuwa mwenyeji wa mchezo. Uenyeji ni nafasi unayopewa kwenye ratiba. Na neno hili linaitaka ngeli yake ya watu, kwa hiyo "wenyeji walikaa", lakini "timu mwenyeji ilikaa", maana hapo kitenzi kinaifuata timu.