Maswali yenu kuhusu Taifa Stars: mechi 13, mabao 9 na ushindi ambao bado haujaja

Taifa Stars, timu ya soka ya taifa ya Tanzania, imecheza fainali za AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) mara ngapi? Wengine wanasema tatu, wengine nne.

Ni nne: 1980 Nigeria, 2019 Misri, 2023 Ivory Coast na 2025 Morocco. Kinachowachanganya watu ni tarehe. AFCON 2023 ilichezwa Januari na Februari 2024, na ile ya 2025 ilianza Desemba ikaisha Januari 2026. Ukitunza kumbukumbu, fuata jina la mashindano, siyo mwaka mpira ulipochezwa. Ya 2027 itakuwa ya tano, kwa kuwa Tanzania ni mwenyeji pamoja na Kenya na Uganda.

Kweli haijawahi kushinda hata mechi moja huko?

Kweli. Mechi 13, sare 5, vipigo 8. Imefunga mabao 9 na kufungwa 23.

Hayo 9 yanahesabika kwa vidole. Mwaka 1980 Juma Mkambi aliifunga Nigeria, kisha Thuwein Ally akaifunga Misri na Ivory Coast. Mwaka 2019 Simon Msuva na Mbwana Samatta waliifunga Kenya. Kule Ivory Coast, fainali za 2023, likapatikana moja tu, la Msuva dhidi ya Zambia. Kule Morocco walifunga Charles M'Mombwa dhidi ya Nigeria, Msuva kwa penati dhidi ya Uganda, na Feisal Salum dhidi ya Tunisia. Kwa hiyo theluthi nzima ya mabao ya nchi ni ya Msuva, tena katika fainali tatu tofauti.

Lakini takwimu inayouma zaidi ni hii: katika mechi hizo 13, Stars imetangulia kufunga katika tatu tu, na zote zimeponyoka. Dhidi ya Kenya iliongoza mara mbili. Msuva alifunga dakika ya 6, Michael Olunga akasawazisha dakika ya 39, Samatta akarudisha uongozi dakika moja baadaye. Mwisho wa yote Kenya 3, Tanzania 2. Dhidi ya Zambia, bao la Msuva la dakika ya 11 lilidumu hadi ya 88, Patson Daka alipofunga kwa kichwa, na Zambia ilikuwa pungufu ya mtu mmoja tangu kipindi cha kwanza. Dhidi ya Uganda penati ya dakika ya 59 ilifutwa dakika ya 80 na Uche Ikpeazu, na ingekuwa mbaya zaidi kama Allan Okello asingekosa penati katika dakika za nyongeza.

Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya. Mara moja ni bahati mbaya. Mara tatu ni timu inayorudi nyuma ikishapata bao, inaacha kumiliki mpira, na kumpa mpinzani kona na krosi za bure dakika ishirini za mwisho. Kumaliza mechi ni kazi ya mazoezini kama kazi nyingine, na Stars haijaimudu.

Sasa ilitingaje 16 bora Morocco kwa pointi 2?

Mashindano yana timu 24 katika makundi sita. Wanaopita ni wawili wa juu kila kundi, wanakuwa 12, halafu wanaongezwa washika nafasi ya tatu wanne bora kati ya sita. Hao sita hupangwa kwa pointi kwanza, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga.

Benin, Sudan na Msumbiji walikuwa na pointi 3 kila mmoja, wakapita. Nafasi moja iliyobaki ikagombewa na watatu wenye pointi 2: Tanzania, Angola na Comoro. Comoro ilikuwa na tofauti ya -2, ikatoka. Tanzania na Angola wote -1, ila Tanzania ilifunga 3 na Angola 2. Basi.

Rudi sasa kwenye mechi ya kwanza, Nigeria 2, Tanzania 1. Siku ile bao la M'Mombwa la kusawazisha lilionekana halikusaidia kitu, kwa kuwa Nigeria ilirudisha uongozi dakika mbili baadaye. Lisingekuwepo, tofauti ingekuwa -2 na Angola ingepita. Kwa mfumo huu, timu ikiwa nyuma 2-0 dakika ya 85 haina sababu ya kukunja mikono, na pia haina sababu ya kujiachia ikafungwa la tatu. Kwenye mtoano Stars ilifungwa 1-0 na wenyeji Morocco, kwa bao la Brahim Díaz.

Goli la Peter Tino ndilo lipi hasa?

Ni la Ndola, mji wa Zambia, Agosti 1979, mechi ya marudiano na Zambia kuwania nafasi ya kwenda Nigeria. Dar es Salaam Stars ilishinda 1-0. Kule Ndola Zambia ikaongoza, na matokeo hayo yalitosha kuwarudisha mchezoni. Tino akasawazisha, ikaisha 1-1, Tanzania ikafuzu kwa jumla ya 2-1. Siku hizo fainali zilikuwa na timu nane tu, ndiyo maana wazee wanaliweka juu kuliko kufuzu kwote kulikofuata. Hawajakosea sana. Kufuzu kwingine kulichukua karibu miaka 40, hadi Machi 24, 2019, Uganda ilipofungwa 3-0 Dar kwa mabao ya Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris.

Ndola ikarudi tena kwenye kumbukumbu Juni 2024: Zambia 0, Tanzania 1, mfungaji Waziri Junior, kufuzu Kombe la Dunia.

Nimeona mahali Tanzania ilishinda mechi tatu katika "kombe la Afrika" 2025. Mbona hapa mnasema haijashinda?

Hiyo ni CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani ya nchi zao pekee. Ya Agosti 2025 iliandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Stars iliifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 na Madagascar 2-1, ikatoka suluhu na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikaongoza kundi kwa pointi 10. Robo fainali Morocco ikaitoa kwa 1-0. Kabla ya hapo ilicheza CHAN ya 2009 na ile ya 2020 iliyochezwa Cameroon mwaka 2021. Ushindi upo, lakini uandike kwenye ukurasa wake.

Kilimanjaro Stars na Taifa Stars ni timu moja?

Hapana. Taifa Stars ni ya Jamhuri ya Muungano, ndiyo inayotambuliwa na FIFA, na Wazanzibari wanaichezea, Feisal Salum akiwa mfano wa karibu. Kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, Bara hucheza kama Kilimanjaro Stars na visiwani kama Zanzibar Heroes. Zanzibar ilipewa uanachama kamili wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Machi 2017, ukafutwa Julai mwaka huohuo.

Bara imebeba Chalenji mara tatu: 1974, 1994 na 2010, mwaka ambao ilishinda fainali 1-0 dhidi ya Ivory Coast waliokuwa waalikwa, kwa penati ya Shadrack Nsajigwa. Zanzibar ilibeba 1995, na 2017 ikapoteza fainali kwa Kenya kwa mikwaju ya penati.

Kwa nini tunatoka sare na timu ndogo kwenye kirafiki halafu tunashuka viwango vya FIFA?

Tangu Agosti 2018 FIFA inahesabu kwa kulinganisha matokeo na matarajio. Chukua pointi za mpinzani, toa za kwako, gawanya kwa 600. Pandisha 10 kwa kipeo hicho, jumlisha 1, kisha gawanya 1 kwa jibu. Hayo ndiyo matarajio yako. Ushindi ni 1, sare 0.5, kufungwa 0. Toa matarajio kwenye matokeo, zidisha kwa uzito wa mechi: 5 kirafiki nje ya kalenda ya FIFA (siku zilizotengwa kwa mechi za timu za taifa), 10 ndani ya kalenda, 25 mechi za kufuzu, 35 fainali za AFCON, na 40 kuanzia robo fainali.

Tuseme mpinzani anakuzidi pointi 300. Matarajio yako ni 0.24. Ukishinda mechi ya kufuzu unapata 19, sare 6.5, ukifungwa unapoteza 6. Sasa geuza: wewe unamzidi mwenzako pointi 200, matarajio ni 0.68, na sare ya kirafiki inakula karibu pointi 1.8. Ndiyo mechi uliyoiona. Kuna nafuu moja: kufungwa kwenye mtoano wa fainali hakupunguzi pointi, hivyo kipigo cha Morocco hakikuigharimu Stars kitu.

Kipigo kikubwa cha karibuni ni kipi?

Algeria 7-0, Novemba 17, 2015, Blida, siku tatu baada ya sare ya 2-2 Dar. Septemba 2023 ilirudi Algeria, safari hii Annaba, ikatoka suluhu, na pointi hiyo ikaipeleka AFCON 2023.

Na Kombe la Dunia?

Haijawahi kufuzu. Mbio za 2026 ilimaliza ya tatu kwa pointi 10, nyuma ya Morocco 24 na Niger 15, mbele ya Zambia 9. Ukizijumlisha mwenyewe na kupata 7, umeisahau mechi ya Machi 2025 dhidi ya Congo Brazzaville: haikuchezwa, Congo ikiwa imefungiwa na FIFA, na Tanzania ikapewa ushindi wa 3-0.