Miguu imevimba, mama ameacha dawa ya presha

SWALI: Mama yangu, miaka 62, aliongezewa amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Tangu hapo miguu inavimba kila jioni. Jirani akamwambia dawa za presha zinaua figo, basi ameziacha, anakunywa unga wa "kusafisha figo". Siku ya tatu leo, na tumempima, presha haijapanda. Aendelee nao?

JIBU: Hapana. Amlodipini hutoka mwilini polepole, nusu yake huchukua saa 30 hadi 50. Kinachomshikia presha hadi leo ni kidonge kile kile alichokiacha, na sifa anapewa unga.

Uvimbe wenyewe unaelezeka. Dawa hii hulegeza mishipa midogo ya damu, maji yakavuja na kutuama kwenye vifundo. Dozi ikipanda, uvimbe nao hupanda. Vidonge vya kukojoa haviusaidii sana. Daktari anaweza kumrudisha kwenye 5 na kumwongezea losartani, dawa nyingine ya presha, ambayo pia huupunguza. Ila akivimba uso, akikosa pumzi akilala, au ukivimba mguu mmoja tu na unauma, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa hili la figo, ambalo kwenye dirisha langu la dawa halikosekani. Kinachoua figo ni presha iliyoachwa juu miaka na miaka. Watu humwona mgonjwa wa dayalisisi, anayesafishwa damu kwa mashine, na mfuko wake wa vidonge, wakavihukumu vidonge. Hakuna anayeuliza presha ilikaa juu muda gani kabla ya kidonge cha kwanza, au ni mara ngapi aliacha dawa "apumzike".

Na hao hao wanaoiogopa amlodipini hununua diklofenaki, dawa ya maumivu, ya mgongo bila kuuliza, wakaimeza mwezi mzima. Hiyo ndiyo hupandisha presha, huzuia maji mwilini na huumiza figo, hasa ikikutana na losartani na kidonge cha kukojoa. Unga nao, nani aliyeupima? Mitishamba ya kopo imewahi kukutwa imechanganywa na dawa za maumivu na steroidi, kimyakimya. Muuzaji hatakuwepo figo zikigoma.

Arudi kliniki wiki hii, wala msimpangie dozi nyumbani. Muulizeni anameza nini cha mgongo na magoti, na abebe vyote, pamoja na kopo la unga.