Si malaria, wala hujalogwa

*Shangazi, nina miaka 46, nauza vitumbua hapa Tanga. Usiku naamka khanga imelowa chapachapa. Mwaka huu nimemeza dawa ya mseto mara tatu. Hedhi inaruka miezi miwili, ikija inamwagika siku kumi. Jirani anasema nina jini. Mume wangu anasema nina mwingine, maana namkwepa. – Mama Vitumbua*

Mwanangu, pole sana. Hapo pa mseto mara tatu nimeumia. Ulipimwa? Malaria huonekana kwenye damu. Kama kipimo kimesema huna, jasho la usiku peke yake lisikumezeshe dawa.

Ninavyoona, mwili wako unaelekea kukoma hedhi. Wengi wetu huanza safari hii kwenye miaka ya 40, na huweza kuchukua miaka minne au hata zaidi. Homoni ya estrojeni haipungui kwa utaratibu: leo iko juu, kesho imeporomoka. Ubongo, ambao ndio unaopima joto la mwili, unababaika, unadhani umezidiwa na joto, unakumwagia jasho. Ndiyo maana ukiinamia chungu cha vitumbua uso unawaka mpaka kifuani kuliko zamani, na jiko ni lile lile.

Lakini damu ya siku kumi usiizoee. Nenda kituo cha afya wiki hii, wakupime wingi wa damu, waangalie kizazi na mlango wake. Ukifika kubadilisha pedi kila saa, nenda saa hiyo hiyo. Na wapime mimba pia. Usishangae, bado inaweza kuingia. Hedhi huhesabiwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila tone. Ukiwa hapo muulize daktari kuhusu dawa za homoni. Zinatuliza joto hili vizuri, ila si za kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kwa hiyo usinunue mwenyewe dukani.

Nyumbani, lalia khanga ya pamba na weka nyingine kavu karibu na mto. Kahawa ya jioni iache. Jiko lihamishie penye upepo.

Sasa baba watoto. Estrojeni ikipungua uke hukauka, tendo linauma, na anayeumia hukwepa. Yeye hajui hilo. Mwambie mkiwa wawili, mchana, si kitandani: “Sikukatai wewe, panauma.” Duka la dawa wana vilainishi vya maji, nendeni pamoja kama atakubali.

Ukitoka kituoni niandikie walichokiona.