Jibu: cwt, 1 in 3 na drawbar pull kwenye ripoti za majaribio za jeshi la Uingereza

Mkuu umeuliza "15 cwt", "1 in 3" na "drawbar pull" zina maana gani kwenye ripoti ya lile lori la Bedford la zamani. Cwt (hundredweight) ni kipimo cha uzito cha Waingereza, moja ni ratili 112 yaani kama kilo 50.8, kwa hiyo 15 cwt ni kilo 762, ila usichanganye, huo sio uzito wa gari, ni mzigo ambao lori limetengenezwa kubeba. 1 in 3 ni mlima, kila futi 3 za kwenda mbele unapanda futi 1, kama digrii 18 hivi, na lori likiwa na mzigo hapo si mchezo.

Drawbar pull, yaani nguvu ya gari kuvuta kitu kilichofungwa nyuma yake, ndo tamu sasa. Gari linafungwa kebo nyuma linavuta gari lingine lenye mtambo wa kupima, la nyuma linakaza breki taratibu mpaka la mbele matairi yaanze kuteleza au injini izime, namba ya juu kabisa iliyosomwa ndo hiyo. Kwa hiyo cheki kwanza walipimia wapi, manake gari hilo hilo kwenye zege linavuta fresh, kwenye tope linaishia kuchimba tu, namba isiyotaja aina ya ardhi mimi siiamini kabisa. Cheki na gia waliyotumia pia, wengi wanairuka.

Halafu mpg zao (maili kwa galoni ya mafuta) ni galoni ya Uingereza, lita 4.546, sio ya Marekani ya 3.785, ukiona 10 mpg jua ni kama kilomita 3.5 kwa lita.